Gurudumu la Kushoto Mbele

Muscat, 9 Januari 2024

Shangazi yangu Mwanamize,

Assalamu alaykum. Naomba barua hii ikukute mzima, miguu imepunguza kuvimba na mwani haujaharibika. Mimi sijambo, ni kikohozi tu cha vumbi la gereji, nacho kinakwenda. Wasalimie wote, na mama mbusu mkono kwa niaba yangu.

Nakuandikia kwa sababu unayoijua. Nikipiga simu mama huiweka sauti kubwa, huisimamisha kwenye bilauri, na nyumba nzima hukaa kunisikiliza pamoja na jirani aliyekuja kuomba chumvi. Kuna mambo hayasemeki mbele ya jirani na chumvi yake.

Khatib, yule anayetusafirishia mizigo, atakuletea rimu nne za aloi kwa ajili ya Landrova ya marehemu baba. Hapa gereji kazi yangu ni kuwafungia magurudumu watu wanaokwenda kuchezea magari jangwani, na mmoja wao alizivua hizi akataka nyingine zinazong'aa zaidi. Nimezigonga moja moja kusikiliza mlio wake, hazina ufa. Tundu za nati ni tano, sawasawa na za gari yetu. Ni pana kuliko zile za chuma, kwa hiyo gari haitapepesuka ovyo kwenye mawe ya huko kwetu.

Za chuma zitoeni zote. Ile ya kushoto mbele, iliyochomoka siku baba alipopinduka akafa, usiiweke hata bandani. Mliinyoosha kwa nyundo mkaendelea kuitumia, na kila nikikumbuka kwamba ingali inazunguka, chakula hakinishuki. Mpe muuza vyuma chakavu aondoke nayo.

Mama ananiuliza kila Ijumaa nitarudi lini. Miaka sita sasa anauliza. Mwambie likizo ni ngumu.

Mwanao,
Suhail


Micheweni, 4 Februari 2024

Mwanangu Suhail,

Waalaykum salaam, na baraka juu yake. Sisi wazima. Miguu yangu inavimba kama kawaida yake, na mama yako ananilalamikia kama kawaida yake. Mwani wa mwezi huu umetoka mzuri, tumekosa hata pa kuanika.

Mzigo umefika. Khatib aliushusha mbele ya msikiti watu wakitoka kuswali Ijumaa, kwa hiyo sikuwa na haja ya kumtangazia mtu. Wapo waliouliza kama nafungua duka. Mama yako amezifuta kwa kanga yake akaziegemeza ukumbini, na mgeni akija huonyeshwa rimu kabla ya kupewa maji.

Sijazifunga. Kwanza gari ina kazi. Ndiyo inayotoa magunia ya mwani pwani, na wiki iliyopita ilimfikisha mja mzito hospitali, mimi usukanini, mkunga nyuma ananipigia kelele nipunguze mwendo. Nilipojifunza kuendesha nina miaka hamsini na tatu watu walinicheka. Sasa wote wanaujua mlango wangu. Pili, Mabruki fundi amekuja akapima, akasema rimu inatoka nje ya madigadi vidole vitatu, na ukikata usukani mpaka mwisho tairi itasugua. Tatu, hukuleta nati.

"Nati nati tu," ndivyo alivyonambia. "Hizi kuukuu si zipo? N'takaza kwa hizi." Nimemwambia asubiri, lakini huenda wiki ijayo tukazifunga kwa hizo hizo.

Ile ya kushoto mbele usinipangie. Wewe uko Muscat, mimi ndiye ninayeiendesha. Na hilo la likizo mwambie mama yako mwenyewe. Nimechoka kubeba uongo wa watu, wangu unanitosha.

Shangazi yako,
Mwanamize


Muscat, 21 Februari 2024

Shangazi,

Assalamu alaykum, na unisamehe leo salamu ni fupi. Barua yako nimeipata sasa hivi na naijibu kabla sijala. Nimepiga simu mara nne, mama anasema umekwenda kwenye mwani. Nikamwambia amwambie Mabruki asifunge kitu. Akacheka, akasema gereji imenitia wazimu.

Msifunge kwa nati za zamani! Aloi ni nene kuliko chuma. Nati zile ni fupi, zitashika meno mawili matatu ya stadi, ile bolti ya kushikia gurudumu, basi. Spana itagoma, fundi atadhani imekaza, na kumbe ndani haijakaa. Nampa Khatib nati ishirini za shingo ndefu na nne za akiba. Tairi ikisugua, kuna bolti inayozuia usukani usikate kupita kiasi. Mabruki aitoe nje kidogo, itaacha.

Mkaze kwa kukingamana, nati hii kisha ile iliyo mkabala nayo, si kwa kuzunguka. Mkishusha jeki, mkaze tena gari ikiwa chini. Halafu mwende kilomita hamsini, msimame, mkaze mara ya tatu. Gurudumu likishavuliwa na kurudishwa hujipanga upya kwa mwendo, na nati hulegea hata kama fundi hakukosea.

Shangazi, sasa nikwambie nisichowahi kumwambia mtu. Siku moja kabla ya safari yangu nilizivua tairi zote za baba nikazibadilisha nafasi, nimwachie gari nzuri. Ya kushoto mbele ilikuwa ya mwisho. Nakumbuka nimekaza nati tatu. Mama akaniita ndani nijaribu shati la safari. Hizo mbili nyingine sizikumbuki. Nimekaa miaka sita nazitafuta kichwani na sizioni. Asubuhi nikapanda boti, jioni niko Unguja naambiwa gurudumu la kushoto mbele limechomoka na baba hayupo. Mkazika kabla sijapata boti ya kurudi, nami nikapanda ndege.

Hiyo ndiyo likizo yangu ngumu. Nitakaaje ukumbini kwa mama nikala wali wake, na mimi ndiye niliyemfanya mjane?

Suhail


Micheweni, 2 Aprili 2024

Mwanangu Suhail,

Salamu nyingi za mwezi mtukufu. Tuko katika kumi la mwisho na mvua za masika zimetukamata. Mama yako anafunga bila kukosa ingawa daktari kamkataza. Ukuta wa jikoni umeanguka upande mmoja, umeshajengwa. Wanawake wa mwani wanakusalimu, na wanasema ukija uwaletee udi.

Nati zimefika, ishirini na nne, nimezihesabu mbele ya Khatib. Ni nzito kweli na shingo zake ni ndefu. Mabruki kaziona akanyamaza, na kwa Mabruki kunyamaza ni kukubali. Bado hatujafunga, kwa sababu uwanja ni matope na jeki inazama.

Umeeleza vizuri habari ya kukaza mara tatu. Nimeisoma.

Mkono unaniuma, sitaandika zaidi.

Shangazi yako,
Mwanamize


Muscat, 27 Aprili 2024

Shangazi,

Assalamu alaykum. Nimefurahi mmemaliza Ramadhani salama. Huku Iddi niliswali na wenzangu wa gereji, tukala biriani kwenye karakana.

Umenijibu habari za ukuta, udi, matope na jeki. Neno moja hukunijibu. Nilikuandikia jambo ambalo kuliandika tu kulinitoa jasho, ukaniambia mkono unauma. Nimejua maana yake. Na wewe unaona ni mimi, ila unanionea huruma.

Basi usinionee. Niandikie wazi kwamba ni mimi. Nikishalisoma kwa mkono wa mtu wa nyumbani, huenda nikapumzika. Hivi nilivyo sipumziki. Mteja akiondoka na gari niliyoifunga, namkimbilia nje kuangalia nati zake tena, na wenzangu wananiita mlinzi wa nati. Wao wanacheka.

Suhail


Micheweni, 20 Juni 2024

Suhail mwanangu,

Salamu zangu na za Iddi zipokee kwanza. Mama yako mzima. Nyumba nzima wazima. Sina habari nyingine ya kuiweka hapa mbele, na nimeianza barua hii mara saba.

Si wewe.

Siku ile uliyoondoka, mimi na baba yako tulikuwa na harusi Mtambile. Sisi ni upande wa bwana harusi, na sanduku la bibi harusi, na nguo zake na manukato yake yote, lilikuwa mapajani mwangu. Unajua mambo yetu. Sanduku likifika ndoa imeshafungwa, upande wa pili hautalisahau hilo. Watalitaja mpaka kwenye harusi za wajukuu. Nami ndiye niliyekabidhiwa, na tulikuwa tumechelewa.

Kabla hatujafika Chake tairi ya kushoto mbele ikapata pancha. Tukasimama kwa mziba pancha wa njiani. Sikiliza sasa. Alishindwa kuzifungua nati zako. Alipanda juu ya spana kwa miguu miwili akawa anaruka, akasema, "Alokaza hizi kataka zisitoke mpaka kiama!" Baba yako alicheka mpaka akashika kofia. Akasema, "Mwanangu huyo." Zote tano, Suhail. Nilikuwa nimesimama pale nazihesabu kwa hasira, kila moja ilivyokuwa ikitupotezea wakati.

Akaziba, akarudisha gurudumu, akakaza gari ikiwa bado juu ya jeki. Akasema, "Ngojeni nishushe nizimalizie." Mimi nikamwambia imetosha, hatuna wakati, ndoa inafungwa sanduku liko barabarani. Baba yako aliniangalia. Mimi ni dada yake mkubwa, hajawahi kunibishia. Akawasha gari tukaondoka.

Sanduku liliwahi. Mimi nikabaki kwenye harusi nikipiga vigelegele, yeye akarudi peke yake. Kwenye ule mteremko gurudumu likachomoka.

Mziba pancha hakuulizwa na mtu. Kwenye msiba mama yako aliniegemea mimi siku zote, kichwa chake begani kwangu, na kila nikifungua mdomo naona atanyanyua kichwa kile anitazame. Nikasema nitamwambia baada ya arubaini. Arubaini ikapita. Wewe ulipouliza kwenye simu ni gurudumu gani, nikakujibu, ukakata simu. Tangu siku ile nilijua unafikiri nini. Niliona wewe uko mbali na u kijana, utasahau. Nilijidanganya kwa sababu ilinifaa.

Rimu zako sikuzifunga kwa kuwa kila mtu akishika spana mbele ya gari ile mimi humtafutia sababu ya kuahirisha. Matope yalikauka zamani.

Sikuombi kitu.

Mwanamize


Muscat, 16 Julai 2024

Shangazi,

Salamu ni haki yako, nakupa. Zaidi ya hapo leo sina.

Zote tano. Nimeisoma sentensi hiyo mpaka karatasi imechanika kwenye mkunjo.

Ulikuwa na neno moja tu la kusema na hukulisema. Nimemnyima mama uso wangu miaka sita. Nimekataa kuoa. Nimekonda, nimeitwa mlinzi wa nati, na wewe ulikuwa umekaa Micheweni na maneno ya mwisho ya baba juu yangu, umeyafungia kwako. Alisema "mwanangu huyo", nawe ukayaweka!

Kwa kukataa kusubiri jeki nimekusamehe, wallahi. Mtu yeyote mwenye sanduku la harusi angekataa. Hili la pili sijui nitalifanya nini.

Mama anajua?

Suhail


Micheweni, 18 Agosti 2024

Suhail,

Assalamu alaykum. Sisi tupo. Mwani umepata ugonjwa, kamba nyingi tumetoa tupu.

Mama yako anajua sasa. Siku niliyopata barua yako nilikwenda kwake, nikakaa chini kwenye mkeka, nikamwambia yote. Hakulia. Aliendelea kuchambua mchele mpaka sinia likaisha, akainuka, akaingia ndani. Hakunisemesha siku nane, na nyumba zetu unajua zinatazamana milango. Siku ya tisa asubuhi alitoka akiviringisha rimu yako moja uwanjani, akairudia ya pili, mpaka zote nne. Akasema, "Chukueni marimu yenu, yananizibia ukumbi. Na ukishamaliza umwite mwanangu." Hilo ndilo nililopewa.

Mabruki amefunga tatu. Nilisimama juu yake kama ulivyoelekeza, akakaza kwa kukingamana, jeki ikashushwa, akakaza tena. Alipofika kwenye ya kushoto mbele nikamwambia, "Hiyo ina mwenyewe." Akaniuliza, "Mwenyewe nani? Na mie n'nani?" Nikamwambia achukue spana zake.

Kwa hiyo gari imesimama uwanjani, magurudumu matatu yanang'aa, upande wa nne habu, kile kitovu cha gurudumu, imekaa tupu juu ya jiwe la matumbawe. Ile ya chuma iliyonyooshwa muuza vyuma ameshaondoka nayo. Mwani tunautoa pwani kichwani, na wanawake wananisema nami nasikia. Mja mzito wa juzi alipelekwa kwa bodaboda. Namuombea dua kila siku na nafsi yangu inanisuta, lakini siwezi kumpa mtu mwingine spana ile.

Usije kwa ajili yangu. Njoo kwa ajili ya habu ile.

Mwanamize


Muscat, 5 Septemba 2024

Shangazi,

Assalamu alaykum. Gari inayopeleka waja wazito hospitali haikai juu ya jiwe. Umezidi ukaidi.

Nimepewa siku kumi na tano. Nitafika tarehe ishirini na moja kwa boti ya Mkoani. Nakuja na spana ya kupimia, ile inayolia "tak" nati ikifika kipimo. Usimwambie mama siku, maana ataitangaza kwa sauti kubwa.

Suhail


Micheweni, 20 Oktoba 2024

Mwanangu Suhail,

Assalamu alaykum. Tumeshukuru kusikia umefika kazini salama na kwamba pweza wa mama yako hakuharibika njiani. Yeye mzima, anatandika kitanda chako kila asubuhi kama vile utalala leo. Mimi miguu imetulia kidogo.

Sijakulaumu kwa zile siku tatu za mwanzo ulizokuwa ukinipita uwanjani bila kunitazama. Ningekuwa wewe zingekuwa kumi. Siku ya nne uliponiambia, "Shangazi, jeki yako iko wapi?", nilikwenda nyuma ya banda nikalia, halafu nikaileta. Ulidhani nimechelewa kwa sababu nilikuwa nikiitafuta.

Sasa nikupe habari niliyokuahidi. Uliniachia spana yako na amri ya kilomita hamsini. Mita ya gari, unajua, ilikufa zamani, basi nikafikiri safari gani ya hapa kwetu inafika hamsini. Ipo moja tu, Mtambile. Sijaikanyaga njia ile tangu siku ile. Wakinialika harusi huko hujifanya naumwa.

Alhamisi nikawasha gari. Mama yako akatoka na buibui lake, akafungua mlango akakaa mbele, hakuniuliza naenda wapi. Tumepita pale kwa mziba pancha, sasa pamejengwa duka. Tumefika juu ya ule mteremko, nikapunguza mwendo. Yeye akashika kitasa cha mlango kwa mkono mmoja, na mwingine akauweka juu ya goti langu. Akauacha hapo mpaka chini.

Mtambile nikasimama penye maduka, nikatoa spana, nikapiga magoti kwenye vumbi na umri wangu huu. Watu wakakusanyika. Nati za mbele kulia ziliongeza mzunguko kidogo kabla spana haijasema tak. Za nyuma kulia hivyo hivyo, na nyuma kushoto moja iliongeza karibu robo, nimeshamwambia Mabruki naye kanuna. Ya kushoto mbele niliibakisha mwisho.

Uliikaza mwenyewe, mama yako amekushikia nati ndani ya kanga, ukampokea moja moja, na ya tano uliishika muda mrefu kabla ya kuitia. Nikaweka spana kwenye ya kwanza, nikavuta. Tak. Haikusogea. Ya pili, tak. Ya tatu, tak. Kwenye ya nne nilisimama kidogo nikapumua. Tak. Na ya tano, mwanangu, niliivuta kwa uzito wangu wote, tak, na haikusogea hata upana wa unywele.

Nikanyanyua kichwa kumwangalia mama yako dirishani. Akasema, kwa sauti yake ile ile ya simu, watu wote penye maduka wakageuka:

"Mwanangu huyo."

Shangazi yako,
Mwanamize